Ghala Limejaa, Mtoto Mwepesi

Msimu wa mavuno unapowadia, barabara za kuingia Kitale hujaa malori na matrekta yaliyobeba mahindi. Foleni hujipanga nje ya maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, madereva hulala chini ya magari yao, na kabla mkulima hajajuliwa hali ameshaulizwa bei ya gunia la kilo 90. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956, ina makao yake makuu mjini humu. Ukiteremka hadi Bungoma unakutana na mahindi tena, safari hii yakigombania shamba na miwa. Trans Nzoia huitwa ghala la chakula la Kenya, na hakuna anayelipinga jina hilo.

Utafiti wa kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2014 ulipopima watoto wa chini ya miaka mitano, karibu 3 kati ya 10 katika Trans Nzoia walikuwa wamedumaa. Bungoma walikuwa karibu mmoja kati ya wanne. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 26. Kwa hiyo kaunti inayouzia wengine unga ilikuwa na watoto wafupi kuliko wastani wa wale inaowauzia. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, ulionyesha kwamba nchi imepiga hatua: udumavu ulikuwa umeshuka hadi asilimia 18, na watoto wenye uzito pungufu walikuwa asilimia 10. Hata hivyo, asilimia 10 ni mtoto mmoja katika kila kumi wanaopanda mizani.

Vipimo hivi watu huvichanganya, na si kosa lao. Kudumaa ni kuwa mfupi kuliko umri unavyotaka, na huja polepole, miezi na miezi ya kula kidogo na kuugua mara kwa mara. Kukonda ni kuwa mwembamba kuliko urefu unavyotaka, na kunaweza kuja ndani ya wiki mbili za kuharisha. Uzito pungufu hupimwa kwa umri, na unaweza kutokana na lolote kati ya hayo mawili, au yote kwa pamoja. Msichana wa miezi 18 huwa na kilo 10 na kidogo kwa kawaida. Akiwa chini ya kilo 8.1 anahesabiwa kuwa na uzito pungufu. Mvulana wa umri huo mpaka wake ni kilo 8.8. Mtoto wa namna hii mara nyingi haonekani mgonjwa. Anacheza, anacheka, nguo za mwaka jana bado zinamtosha, na jirani humsifu mamake kwamba ana mtoto mwepesi wa kubeba.

Ndiyo maana kuna utepe wa kupimia mkono. Mhudumu humvua mtoto mkono wa kushoto wa shati, hutafuta ncha ya bega na ncha ya kiwiko, kisha hutia alama ya kalamu katikati. Mtoto anauachia mkono uning'inie, jambo ambalo kwa mtoto wa miaka miwili linahitaji mazungumzo marefu. Utepe unazungushwa pale penye alama bila kubana wala kulegea, na kidirisha kidogo kinaonyesha rangi na namba. Kijani ni sentimita 12.5 kwenda juu. Manjano ni kati ya 11.5 na 12.5, na huo ni utapiamlo wa wastani. Nyekundu ni chini ya 11.5, ambao ni utapiamlo mkali. Kisha mhudumu hubonyeza miguu yote miwili kwa dole gumba, ahesabu sekunde tatu, aachie. Kishimo kikibaki, hata kama mkono ni mnene, mtoto huyo ana kwashakoo na hapaswi kurudi nyumbani na ushauri mtupu.

Kwa walio kwenye nyekundu, tiba inajulikana. Pakiti ya gramu 92 ya njugu zilizosagwa zikachanganywa na maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini ina kalori 500. Ilibuniwa mwaka 1996 na daktari Mfaransa André Briend akishirikiana na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset. Kabla ya hapo mtoto alilazwa wodini wiki kadhaa akinywa maziwa maalumu, kwa sababu maziwa hayo yalihitaji maji salama na mtu wa kuyapima. Pakiti haitaki maji wala moto. Mtoto anaibana na kuinyonya mkononi mwa mama. Kwanza hupewa kidogo pale pale kliniki ili aonekane kama ana hamu ya kula, maana asiyeweza kula anahitaji kitanda cha hospitali. Kenya sasa inazitengeneza yenyewe, katika kiwanda cha Insta Products kule Athi River.

Ugumu uko kwa mtoto wa manjano. Huyu hajafikia utapiamlo mkali, lakini akipata surua au kuhara wiki ijayo anaweza kuwa mwekundu. Kwa kawaida anahitaji chakula cha nyongeza, yaani kitu cha kuongezea mlo wa nyumbani bila kuchukua nafasi yake: pakiti nyingine ya njugu yenye mchanganyiko wake, au unga wa mahindi na soya uliotiwa virutubisho, ambao Wakenya waliopitia miaka ya ukame wanaujua kwa jina la Unimix. Lakini mipango mikubwa ya kugawa vyakula hivi kwa watoto wa manjano, ile inayoungwa mkono na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, imeelekezwa zaidi kwenye kaunti kame kama Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Hakuna wa kulalamikia hilo. Huko njaa inaua. Ila matokeo yake ni kwamba mama wa Kiminini kule Trans Nzoia au Kimilili kule Bungoma ambaye utepe wa mwanawe umesoma sentimita 12 mara nyingi huondoka na maelezo ya mdomo. Chakula cha bure hufuata njaa inayoonekana kutoka mbali, na njaa ya nyumba iliyozungukwa na mahindi haionekani. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mnamo Januari 2025, hata pakiti za wekundu zikawa jambo la wasiwasi katika nchi nyingi zinazozitegemea.

Je, nyongeza hiyo ingesaidia kiasi gani kama ingegawiwa kwa kila mtoto? Swali hili lilipimwa, tena nyumbani Bungoma.

Kati ya Novemba 2012 na Mei 2014 watafiti waliandikisha wajawazito 8,246 katika vijiji vya Bungoma, Kakamega na Vihiga. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi vilipata klorini ya kutibu maji, vingine vyoo bora, vingine vifaa vya kunawia mikono, vingine vyote vitatu. Kundi moja lilipata lishe: kila mtoto, tangu miezi 6 hadi 24, alipewa kila siku vipakiti viwili vya gramu 10 vya mchanganyiko wa njugu na virutubisho vya kutiwa katika chakula chake, na mamake akatembelewa na mhamasishaji wa kijijini aliyemweleza habari za kunyonyesha na kulisha. Kundi lingine lilipata lishe pamoja na maji, vyoo na kunawa. Vijiji vya kulinganishia havikupata lolote kati ya hayo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Global Health. Watoto waliopata lishe walikuwa warefu kidogo kuliko wenzao walipofikisha miaka miwili, na kidogo kwelikweli: ukiipima kwa rula, tofauti hiyo ni kama milimita 4. Maji, vyoo na sabuni peke yake havikuongeza urefu wowote, na hata kuhara hakukupungua. Waliopata vyote kwa pamoja hawakuwazidi kwa maana wale waliopata lishe tu. Utafiti pacha uliofanyika Bangladesh kwa mpango ule ule ulipata faida ya lishe inayokaribia mara mbili ya ile ya Kenya.

Milimita 4 zinaweza kusomwa kwa namna mbili. Mwenye haraka atasema pakiti hazina kazi. Lakini ule ulikuwa wastani wa watoto wote, walioshiba na wasioshiba, na vipakiti vile viwili vilikuwa na kalori 118 tu kwa siku. Vilikusudiwa kukinga, si kumtibu mtoto aliyekwisha kukonda. Jambo la kuzingatia zaidi ni lile ambalo vipakiti havikuweza kuligusa. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anayenyonya vizuri bado anahitaji kama kalori 550 kwa siku kutoka kwenye sahani na kikombe. Nyongeza ya 118 haitamfikisha huko iwapo mlo wenyewe ni maji.

Na mara nyingi mlo wenyewe ni maji. Tumbo la mtoto mdogo hujaa kwa takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 na nusu hushiba kwa kikombe kimoja cha mililita 250. Kikombe hicho kikiwa na uji mwepesi wa mahindi, ule unaotiririka kutoka kijikoni, kinampa kama kalori 100 na basi. Ameshiba, amenyamaza, analala. Akipewa mara tatu kwa siku amepata kalori 300, na hapo hatujazungumzia protini, madini ya chuma wala zinki. Mahindi yakiwa yamesagwa kwenye mashine ya posho ya mtaani, kama ilivyo kwa familia nyingi zinazolima, unga huo hauna hata virutubisho ambavyo sheria ya Kenya tangu 2012 inawataka wenye viwanda watie katika unga wa paketi. Mkulima anayekula mahindi yake mwenyewe anakosa chuma ambacho mtu wa Nairobi anakipata dukani bila kujua. Hii ni mojawapo ya dhihaka ndogo za ghala la taifa.

Maafisa wa lishe katika hospitali za kaunti huanza hapo hapo, kwenye kikombe. Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko usikimbie. Kisha utajirishwe. Kijiko kimoja cha mezani cha njugu zilizosagwa kina takriban kalori 90, kwa hiyo kikombe kile kile kinakaribia maradufu bila tumbo kuongezeka. Dagaa wa omena waliooshwa, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa hadi wawe unga huongeza protini, chuma na kalsiamu. Gunia la omena kutoka Ziwa Victoria haliko mbali na soko lolote la Bungoma. Maziwa badala ya nusu ya maji. Mafuta kidogo. Mboga kama kunde, managu au saga, zilizopondwa pamoja na ugali laini na mchuzi wa maharagwe.

Kuna ushauri mmoja ambao huwashangaza kina mama wengi: wasisage kila kitu pamoja. Unga wa mchanganyiko wenye mahindi, wimbi, mtama, soya, maharagwe, njugu na omena umekuwa fahari ya maduka, na mama huhisi kwamba vikiwa vingi ndivyo bora. Lakini nafaka nyingi pamoja na jamii ya kunde huleta fitati nyingi, ambazo huyashika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe vizuri tumboni. Zaidi ya hayo maharagwe yanahitaji moto wa muda mrefu kuliko uji. Nafaka moja au mbili zinatosha. Njugu na omena zisagwe kando na kutiwa jikoni.

Uzito wa uji una kero yake, kwa kuwa mtoto wa miezi 8 hukataa kumeza kitu kinachoshika kooni. Hapa magharibi mwa Kenya tayari wanayo dawa, ingawa huitumia kwa kazi nyingine. Kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa, ndicho kinachotumika kupikia pombe ya busaa. Vimeng'enya vilivyomo huukata wanga, hivyo kijiko kimoja cha kimea kikitiwa katika uji mzito wa moto, uji huo hulegea ndani ya dakika chache huku kalori zake zikibaki zote. Kisha hurudishwa motoni uchemke tena kwa usalama. Wataalamu wa lishe nchini Tanzania waliueneza ujuzi huo kwa akina mama vijijini katika miaka ya 1980. Katika nchi ya Wabukusu huko Bungoma, bibi yeyote anayejua busaa angeweza kuufundisha bila kuandaliwa semina.

Fikra ya kumtibu mtoto kwa chakula cha kwao si mpya hata kidogo. Ng'ambo ya mpaka, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, kitengo cha Mwanamugimu kimekuwa kikiwafundisha kina mama tangu miaka ya 1960 kupika ekitobero, mchanganyiko wa ndizi au viazi na maharagwe, njugu, samaki na mboga, vyote katika kifurushi kimoja cha majani. Kenya nayo katika miaka ya 1970 ilikuwa na vituo vya mafunzo ya familia ambako mama aliingia na mwanawe aliyekonda wakakaa kama wiki tatu, akipika na kulisha mbele ya mwalimu. Uzuri wa mpango ule ulikuwa dhahiri. Udhaifu wake pia: wiki tatu ni muda mrefu kwa mwanamke mwenye shamba, ng'ombe na watoto wengine wanne nyumbani.

Mpango ulioikwepa shida hiyo kwa werevu ulifanyika Bungoma na Busia kati ya 2009 na 2014. Mradi wa Mama SASHA, ulioendeshwa na Kituo cha Kimataifa cha Viazi pamoja na shirika la PATH na washirika wa hapa nchini, ulimngojea mama mahali anapofika mwenyewe. Mjamzito alipokwenda kliniki alipewa kuponi pamoja na somo fupi la lishe. Kuponi hiyo aliipeleka kwa mkulima wa jirani aliyekuza mbegu, akapewa marando ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A kwa wingi. Gramu 125 za viazi hivyo vilivyochemshwa hutosha mahitaji ya siku ya mtoto mdogo. Mtoto alipofika miezi sita na kuanza kula, viazi vilikuwa tayari mlangoni. Hakuna pakiti iliyoletwa kwa meli. Na tofauti na kipakiti, marando hugawiwa jirani bila kupungua.

Lakini hata kiazi kinasubiri mvua. Bungoma mahindi hupandwa Machi na Aprili, na kati ya Mei na Julai shamba huwa kijani kibichi huku ghala la nyumbani likiwa tupu. Wabukusu wameuweka msimu huo katika majina ya watoto wao: Wanjala na Nanjala ni waliozaliwa wakati wa njaa, kama vile Wekesa na Nekesa walivyozaliwa wakati wa mavuno. Ni kwa ajili ya msimu huu shirika la One Acre Fund lilianza kazi yake Bungoma mwaka 2006, kwa kuwakopesha wakulima wadogo mbegu na mbolea. Familia nyingi huuza mahindi mara tu baada ya kuvuna ili kulipa karo, halafu huyanunua tena mwezi Mei kwa bei ya juu. Aliyepanda miwa hungoja mwaka mmoja na nusu apate fedha kwa mkupuo, na mara nyingi hungoja tena malipo yenyewe.

Mwezi huo huo ndio wa palizi. Mama yuko shambani tangu alfajiri, pengine shamba la mtu mwingine kwa kibarua, na mtoto amebaki na dada yake wa miaka tisa na chupa ya uji. Uji wa chupa lazima uwe mwepesi, la sivyo hautoki. Ushauri wa kulisha mara nne kwa siku kwa subira, ukizungumza na mtoto na kumbembeleza, ni sahihi kabisa. Swali ni nani atakayeutekeleza saa tano asubuhi.

Kisha kuna kinachozalishwa nyumbani na kisicholiwa. Maziwa ya Trans Nzoia huenda kiwandani au kwa mchuuzi mwenye pikipiki, na mtoto hubakiwa na yale ya kutia rangi chai. Chai yenyewe huyazuia madini ya chuma yasifyonzwe, na bado chai na mkate ndicho kifunguakinywa cha watoto wengi wa mwaka mmoja. Kuku wapo uani. Zamani miongoni mwa Waluhya wanawake hawakula kuku, na firigisi hadi leo ni haki ya mzee wa nyumba. Miiko hiyo imelegea sana, ila yai bado ni fedha ya chumvi na sabuni. Katika majaribio ya Ekwado yaliyochapishwa mwaka 2017, watoto waliopewa yai moja kila siku kwa miezi sita walirefuka kuliko wenzao. Malawi walipojaribu vivyo hivyo hawakupata tofauti, na sababu moja iliyotajwa ni kwamba watoto wa huko walikuwa wakila samaki tayari. Kwa mtoto wa Bungoma ambaye hajaonja omena wiki nzima, yai lina nafasi ya kufanya kazi.

Kuwafikia watoto wa manjano ndiko kazi kubwa ilikobaki. Kina mama huja kliniki kwa uaminifu hadi chanjo ya surua ya miezi 9, kisha wengi hupotea, na kitabu cha kliniki hubaki na mstari wa ukuaji uliokatika pale pale ambapo hatari inaanza. Hiyo ndiyo nafasi ya wahamasishaji wa afya ya jamii, 100,000 nchi nzima, waliozinduliwa rasmi Septemba 2023 na kupewa mikoba ya vifaa. Mhamasishaji anaijua nyumba ambayo ng'ombe ameuzwa na ile ambayo baba amekwenda Nairobi na hajatuma kitu. Utepe anaoubeba hauna gharama yoyote ya maana. Kinachogharimu ni kile anachopaswa kuwa nacho mkononi rangi ikisoma manjano, na hicho huamuliwa katika bajeti za kaunti.

Mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, Kenya huadhimisha Malezi Bora, wakati ambapo watoto hupewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, na kupimwa mikono hata shuleni na sokoni. Novemba huwakuta watu wa Kitale katikati ya kuvuna. Mei huwakuta wale wa Bungoma ghala likiwa tupu, na ndio mwezi ambao kaunti zingepata faida kubwa kwa kuandaa njugu, omena na unga ulioongezwa virutubisho katika zahanati kabla ya utepe wa kwanza kuzungushwa.